Usichemshe Chai ya Ulongi: Hesabu Pumzi Zako

Yoga, ndugu mkulima!

Hiyo ndiyo salamu utakayopewa ukifika Angurai, katika nchi ya Wateso, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Busia. Na kabla hujamaliza kuulizwa habari za mvua na za mifugo, utaletewa kiti na kikombe cha chai. Chai hiyo itakuwa na maziwa na sukari ya kutosha, na majani yake yatakuwa yamechemka katika sufuria mpaka yamekwisha nguvu. Ni chai nzuri. Yaondoa njaa na yamfurahisha mgeni. Hatuna nia ya kuiondoa mezani pako.

Lakini mwezi huu twataka kukufundisha chai ya namna nyingine, ambayo ukiichemsha hivyo utaiharibu, na fedha zako zitapotea. Jina lake ni ulongi. Ni chai ya Kichina, na jambo kubwa katika kuipika ni muda. Majani yakikaa majini kidogo kupita kiasi, utakunywa maji ya moto. Yakizidi, utakunywa uchungu. Kati ya hayo mawili pana sekunde chache tu, na mtu ye yote mwenye subira aweza kujifunza kuzihesabu.

Pengine utauliza, "Mimi ni mkulima wa skimu. Chai ya Wachina yanihusu nini?" Soma mpaka mwisho, Bwana mkulima, nawe Mama mwenye jiko. Jambo hili lahusu kikombe chako, lahusu damu ya watoto wako, na kama una chai shambani, lahusu mfuko wako pia.

KWA NINI TWAANZIA ANGURAI

Angurai hakulimwi chai. Nchi ile iko chini na ina joto kuliko miinuko ya Nandi na Kericho. Mazao ya huko ni muhogo, wimbi, mtama, mahindi na njugu. Lakini simama kando ya barabara pale Malaba, mahali unapoliona Jabali la Tororo ng'ambo ya mpaka, utazame malori yanayotoka Uganda. Baadhi yake yamebeba magunia ya chai yanayokwenda kuuzwa katika mnada wa Mombasa. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hata leo chai ya nchi nyingi za Afrika yauzwa hapo. Basi watu wa mpakani huiona chai ikipita, ijapokuwa hawaichumi.

Na iko sababu ya pili, iliyo kubwa zaidi. Wazee wa Angurai waijua sheria ya chai ya ulongi tangu zamani, ingawa wengi wao hawajapata kuliona jani lake. Wameijua kutokana na ajon.

CHUNGU CHA AJON

Ajon ni pombe ya wimbi. Ng'ambo ya Uganda wengi huiita malwa. Unga wa wimbi huchachushwa, hukaangwa na kukaushwa, kisha huchanganywa na kimea na kuachwa uive. Siku ya kunywa, ile wimbi iliyoiva hutiwa katika chungu, maji ya moto yakamiminwa juu yake, na wazee wakaketi kukizunguka na mirija yao mirefu yenye chujio nchani.

Sasa angalia jinsi wanavyofanya. Maji yakipungua hawaimwagi wimbi. Huongeza maji mengine ya moto, na huyaacha yakae kidogo kabla ya kuvuta. Maji ya kwanza huwa makali. Ya katikati ndiyo matamu. Kadiri wimbi inavyochoka, ndivyo wanavyongoja zaidi kabla ya kuvuta. Mwisho ladha yaisha, na chungu chapumzishwa. Mzee anayetia maji ajua bila saa ni wakati gani wa kungoja na ni wakati gani wa kunywa.

Hatukuandika haya ili kukusifia pombe. Twataka uone kwamba kanuni ni ile ile. Badala ya chungu weka kikombe kidogo. Badala ya wimbi weka majani ya ulongi. Tia maji ya moto, ngoja kidogo, mimina yote, kisha tia tena. Majani yale yale yatakubali maji mara sita au saba, na kila mara utangoja zaidi kidogo. Ukiuelewa ule mrija wa babu yako, umekwisha kuielewa nusu ya somo hili.

ULONGI NI CHAI GANI?

Wachina huiita wulong, maana yake "joka jeusi". Usidhani kwamba ni mti mwingine. Chai nyeusi ya dukani, chai ya kijani na ulongi zote zatoka katika mti wa namna moja. Tofauti yake ni kazi inayofanywa baada ya kuchuma.

Katika chai ya kijani, majani hutiwa moto upesi ili yasigeuke rangi. Katika chai nyeusi, majani huvunjwa na kuachwa yageuke kabisa, kama vile tufaha lililokatwa linavyogeuka rangi hewani. Ulongi iko katikati. Majani huanikwa yanyauke, hutikiswa ili kingo zake zichubuke, hupumzishwa, na kutikiswa tena, hata kingo zikaanza kuwa nyekundu huku katikati ya jani kungali kijani. Hapo ndipo hutiwa katika kikaango cha moto ili kugeuka kule kukome. Kisha hukunjwa na kukaushwa. Kazi hiyo yaweza kuchukua mchana kutwa na usiku pia.

Chai hii ilianza katika jimbo la Fujian, na hata leo zile zenye sifa kubwa zatoka huko na majirani zake: Tieguanyin ya Anxi, Da Hong Pao ya milima ya Wuyi, na Dancong ya upande wa Chaozhou katika Guangdong. Taiwan nako hutengenezwa ulongi nyingi nzuri. Hapa Kenya sehemu kubwa mno ya chai yetu ni nyeusi, ya kusagwa kwa mashine ya namna ya CTC, aliyoibuni William McKercher huko Assam mwaka 1930. Lakini wako watengenezaji wachache wanaofanya chai ya majani mazima, na baadhi yao hutengeneza ulongi.

Tofauti ya CTC na ulongi yafaa uishike, kwa maana ndiyo inayoleta tofauti ya muda. Chembe za CTC zimekatwa na kuraruliwa. Ukizitia maji, hutoa rangi na ukali wote mara moja, na kwa hiyo zafaa sana kwa maziwa. Lakini hazina la kubakiza kwa maji ya pili. Jani zima la ulongi limekunjwa. Hufunguka polepole na kutoa ladha yake kwa mafungu.

VYOMBO

Wachina hutumia kikombe kidogo chenye kifuniko na kisahani, au buli ndogo ya udongo. Upishi huo wauita gongfu, maana yake kazi iliyofanywa kwa ustadi na subira. Wewe huna haja ya kununua cho chote kutoka mbali. Tafuta vitu hivi:

1. Kikombe kidogo cha kauri, na kisahani cha kukifunika. Kikombe cha bati chafaa kama huna kingine, lakini kitakuunguza vidole.

2. Jagi ndogo au kikombe kikubwa, cha kumiminia chai yote kwa mara moja.

3. Chujio.

4. Vikombe vidogo vya kunywea. Hata vile vya kahawa vyafaa.

5. Birika la maji, au chupa ya chai ile ihifadhiyo joto, iliyosafishwa hata harufu ya maziwa ikatoka kabisa.

MAJI

Maji mabaya hushinda majani mazuri. Maji ya mvua kutoka paa safi la mabati, yaliyohifadhiwa katika tangi lililofunikwa, hupika chai vizuri. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huifanya chai ipoe ladha na kuweka utando juu. Kama wachota katika mto wa Malaba au Malakisi, yaache matope yatue, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu. Kule kuchemka ndiko kunakoua vijidudu vya maradhi. Usidanganyike kwamba majani ya chai husafisha maji.

Sasa shika jambo hili. Vitabu vingi vya ng'ambo husema chemsha maji, kisha uyaache yapoe kidogo. Wewe usingoje. Kila upandapo mita 300 kutoka baharini, maji huchemka kwa joto lililopungua nyuzi 1 hivi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Upande wa Malaba ni nyuzi 96 hivi, na katika skimu za miinuko ya mita 2,000 ni nyuzi 93 tu. Ulongi yataka maji ya nyuzi 90 hadi 100. Basi yatoe maji motoni yakiwa yangali yatokota, uyamimine papo hapo.

HATUA KWA HATUA

Kwanza. Pasha kikombe joto kwa kukijaza maji ya moto, kisha umwage. Kikombe baridi hunyang'anya maji joto lake.

Pili. Pima majani. Kwa maji ya mililita 100, ambayo ni nusu ya kikombe cha kawaida cha chai, tia gramu 5. Kama ni ulongi iliyokunjwa kama vidonge, ni vijiko viwili vya chai vilivyojaa. Kama ni majani marefu yaliyopindwa, ni vijiko vitatu au vinne, kwa maana hayo ni mepesi na hujaza kijiko upesi. Utaona kama majani ni mengi mno. Si mengi. Ndiyo desturi yake.

Tatu. Tia maji yafunike majani, hesabu pumzi moja, kisha uyamwage maji hayo. Huku ni kuyaamsha majani na kuondoa vumbi. Usiyanywe.

Nne. Tia maji tena mpaka juu, funika, na uanze kuhesabu.

Tano. Muda ukitimia, mimina chai yote katika jagi, hata tone la mwisho. Hapa ndipo wengi hukosea. Maji yaliyobaki chini huendelea kuyaloweka majani, na kikombe kitakachofuata kitakuwa kichungu. Funua kifuniko kidogo ili majani yapumue.

Sita. Gawa chai hiyo katika vikombe vidogo. Anza na mgeni na wazee, kama desturi yetu ilivyo. Kwa kuwa umekwisha kuichanganya katika jagi, hakuna atakayepata kali wala nyepesi kuliko mwenzake.

RATIBA YA MUDA

Huna saa yenye mshale wa sekunde? Tumia pumzi zako. Mtu mzima aliyeketi kwa utulivu, akivuta pumzi na kuitoa, hutumia sekunde 4 hivi. Siku ya kwanza azima saa ujipime. Ukipata pumzi 15 kwa dakika, ratiba hii ni yako. Ukipata 12, punguza hesabu kidogo. Lakini usihesabu mara baada ya kupasua kuni!

Ulongi iliyokunjwa kama vidonge, kama vile Tieguanyin:
Maji ya kwanza: pumzi 5, yaani sekunde 20.
Maji ya pili: pumzi 4, sekunde 15.
Maji ya tatu: pumzi 5, sekunde 20.
Maji ya nne: pumzi 7, sekunde 30 hivi.
Maji ya tano: pumzi 10, sekunde 40.
Maji ya sita: pumzi 15, dakika 1.
Maji ya saba: dakika 1 na nusu hadi 2.

Ulongi ya majani marefu yaliyopindwa, kama zile za Wuyi na Dancong:
Maji ya kwanza: pumzi 3, sekunde 12.
Maji ya pili: pumzi 3.
Maji ya tatu: pumzi 4, sekunde 15.
Maji ya nne: pumzi 5, sekunde 20.
Maji ya tano: pumzi 7, sekunde 30 hivi.
Maji ya sita: pumzi 11, sekunde 45.
Maji ya saba: pumzi 15, dakika 1.

Utauliza kwa nini maji ya pili ya vidonge hungojwa muda mfupi kuliko ya kwanza. Ni kwa sababu mara ya kwanza kidonge kilikuwa kimejifunga, na sehemu ya muda ilikwisha katika kukifungua. Mara ya pili jani liko wazi, na maji hulishika lote. Baadaye nguvu huanza kupungua, nawe waongeza muda. Vile marefu yaliyopindwa hayakujifunga hivyo, na kwa hiyo hutoa ladha upesi tangu mwanzo.

Ratiba hii si sheria ya Serikali. Ni mahali pa kuanzia. Chai moja haifanani na nyingine, wala ulimi wako si ulimi wa jirani. Ukiona chai ni chungu, punguza pumzi mbili. Ukiona ni nyepesi, ongeza mbili. Lakini badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukipunguza majani, ukabadili maji na kuongeza muda siku moja, hutajua ni lipi lililosaidia. Ni kama kujaribu mbolea: mstari mmoja wenye mbolea, mmoja usio nayo, na mengine yote yawe sawa.

KWA NINI MUDA UNA NGUVU HIVYO

Ndani ya jani mna vitu vingi, na havitoki kwa pamoja. Harufu nzuri na utamu hutoka mapema. Ule ukakasi unaokausha ulimi, kama wa ndizi mbichi, hutoka polepole na huzidi kadiri majani yanavyokaa. Kwa hiyo Wachina hutumia majani mengi, maji machache na muda mfupi. Hupata harufu na utamu, na ukakasi huachwa nyuma. Mtu anayechemsha kwa dakika kumi hupata vyote, na ukakasi ukiwa mbele. Ndipo hulazimika kutia maziwa na sukari ili kuufunika.

Ulongi hainywewi kwa maziwa. Ionje kwanza bila sukari. Ukishindwa siku ya kwanza, usione haya. Ulimi uliozoea sukari huchukua siku kadhaa kutambua utamu mdogo.

NJIA YA MTU MWENYE KAZI

Twajua kwamba wakati wa kupalilia hakuna anayeketi kuhesabu maji saba. Basi tumia njia ya pili. Tia gramu 3, ambazo ni kijiko kimoja cha vidonge kilichojaa vizuri, katika kikombe cha kawaida cha mililita 200. Mimina maji yanayotokota, funika, na ungoje dakika 3. Chuja yote. Maji ya pili ngoja dakika 4 hadi 5, na ya tatu dakika 6 au 7. Utapata vikombe vitatu vikubwa. Havitakuwa na harufu ya njia ya kwanza, lakini vitakuwa vyema, nawe utakuwa umerudi shambani.

Fanya na hesabu ya matumizi. Paketi ya gramu 50, kwa gramu 5 kila mara, ni mara 10. Ukipata maji saba ya mililita 100 kila mara, hiyo ni lita 7 za chai. Ulongi ni ghali kuliko chai ya kawaida, lakini anayetupa majani baada ya maji ya kwanza ndiye anayeifanya iwe ghali zaidi. Majani yaliyochoka peleka kwenye mboji. Hayo nayo ni mali.

Weka majani makavu katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, mbali na moshi, sabuni, mafuta ya taa na omena. Chai hufyonza harufu kama sifongo inavyofyonza maji.

AFYA YA NYUMBA YAKO

Chai ya namna yo yote, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili usipate sawasawa madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, mboga za majani na wimbi. Madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Katika nchi zenye malaria, kama hizi zetu za mpakani, upungufu wa damu ni adui anayejulikana, hasa kwa akina mama wajawazito na watoto. Basi kula kwanza, ungoje saa moja au zaidi, ndipo unywe chai. Watoto wadogo wape maziwa au uji, usiwape chai. Mama mjamzito apunguze, kwa maana ulongi ina kafeini. Na wewe usiyepata usingizi, usinywe jioni.

Ukisikia mtu sokoni akitangaza kwamba ulongi huponya saratani au kisukari, funga mfuko wako uende zako. Ni kinywaji, si dawa. Mwenye ugonjwa na aende hospitali.

KWA WEWE MWENYE CHAI SHAMBANI

Sasa twafika mahali palipo na fedha. Wako wasomaji wetu katika skimu za miinuko, waliopata mashamba tangu mpango wa ekari milioni ulioanza mwaka 1962, au waliorithi kwa baba zao, na leo huchuma majani mawili na chipukizi kila juma. Wakulima wadogo hutoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Lakini jiulize: mara ngapi umeionja chai yako mwenyewe? Wapeleka kikapu kwenye kituo, chapimwa, waandikiwa kilo, warudi nyumbani. Halafu wanunua dukani paketi ambayo hujui imetoka shamba gani. Mfugaji hawezi kuuza ng'ombe asiyemjua, lakini wakulima wengi wa chai huuza jani wasiloijua ladha yake.

Na siku itakuja ambapo mtu atasimama katika mkutano wenu na kusema, "Tununue mashine ya ulongi, bei yake ni mara nyingi kuliko CTC." Huenda asema kweli. Huenda hasemi. Utamjibuje?

Kwanza, mwambie alete sampuli, uipike mbele ya mkutano kwa ratiba uliyoisoma hapa. Ulongi nzuri haichoki upesi. Ikifika maji ya tano ingali na harufu, na majani yaliyofunguka ni mazima na yenye kingo nyekundu, hiyo ni kazi ya fundi. Ikifa katika maji ya tatu, au ikinuka kuungua, au ikawa chungu hata kwa pumzi tatu, kuna kasoro katika majani au katika kikaango.

Kisha ipike kama waonja chai wapikavyo. Kipimo cha kimataifa ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, chasema gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Hayo si mapishi ya kujifurahisha. Ni muda mrefu uliowekwa makusudi ili kila kosa lijitokeze, kama mnunuzi wa ng'ombe anavyofunua mdomo kutazama meno. Chai inayovumilia dakika 6 bila kuwa mbaya ni chai ya kweli.

Mwisho, uliza maswali haya, na usikubali majibu ya juu juu:

1. Nani atainunua, kwa mkataba gani, na kwa muda gani?

2. Nani atachuma? Ulongi kwa desturi hutaka majani yaliyokomaa zaidi, matatu au manne, chipukizi likiwa limekwisha kufunguka. Huo si uchumaji wa majani mawili na chipukizi. Huwezi kuchuma mara moja kwa kazi zote mbili.

3. Nani atakesha? Majani ya ulongi hayangoji asubuhi.

4. Kama mnunuzi akikosekana, mashine hiyo italipwa na nani?

Kumbuka habari ya chai ya zambarau. Aina ya TRFK 306 ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa Kericho. Mti wenyewe ni mzuri na utafiti ulikuwa wa kweli. Lakini wako wakulima walioipanda kwa tamaa ya bei, wakakosa kiwanda cha kuipokea peke yake, wakaichanganya na chai ya kawaida na kulipwa bei ya kawaida. Kosa halikuwa la mti. Mnunuzi hutangulia, mashine hufuata.

KWA WEWE WA ANGURAI

Nawe uliye Angurai au Malaba, au katika skimu yo yote ya nchi za chini, usije ukang'oa muhogo wako ili upande chai kwa sababu umesoma makala hii. Chai hupenda baridi ya miinuko, mvua ya kutosha mwaka mzima na udongo wenye uchachu. Anayekuuzia miche ya chai katika nchi yako akuuzia kuni za miaka ijayo. Mwulize Bwana Shamba wa kata yako kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Faida yako ni nyingine. Wewe umekwisha kujifunza kutoka kwa wazee kwamba kitu kizuri hakimalizwi kwa maji ya kwanza. Jioni moja, kazi ikiisha, weka birika motoni, waite majirani wawili watatu, nanyi mkae kuizunguka chai kama baba zenu walivyokizunguka chungu. Mimina, hesabu pumzi tano, gawa. Ongeza maji, hesabu nne, gawa. Katika maji ya tatu mtaanza kuzungumza habari za kweli, na itakapofika ya saba mtakuwa mmemaliza shauri la mpaka wa shamba au la karo ya watoto, na kesho kila mtu ataamka na kichwa chepesi.

Jaribu, kisha utuandikie. Twambie ulitumia maji gani, ulingoja pumzi ngapi, na majani yalikubali maji mangapi. Barua iliyo na hesabu yatupendeza kuliko barua yenye sifa.

KATA UWEKE JIKONI

Maji: yatokote, usingoje yapoe.
Majani: gramu 5 kwa mililita 100.
Amsha: pumzi 1, mwaga.
Vidonge: pumzi 5, 4, 5, 7, 10, 15, kisha dakika 1 na nusu hadi 2.
Majani marefu: pumzi 3, 3, 4, 5, 7, 11, 15.
Mimina hata tone la mwisho.
Chai na chakula: visikutane kwa saa moja.